Shajara ya mradi: baiskeli ya mlimani ya gia moja kutoka fremu ya mtumba

Baiskeli ya gia moja si kitu kigeni Tanzania. Phoenix imebeba maji, mkaa na mikungu ya ndizi kwa gia hiyo hiyo moja miaka nenda miaka rudi. Tofauti ni kwamba hii inatakiwa ipande njia za miguu za Usambara, kati ya Lushoto na Magamba, mahali ambapo Phoenix hushukiwa na kusukumwa. Kwa hiyo: fremu ya mlimani, tairi pana za inchi 26, breki mbili zinazoshika kweli, na gia iliyochaguliwa kwa kupanda, si kwa kwenda sokoni.

Sababu ya kuacha gia nyingi ni udongo. Mvua za masika zikianza, udongo mwekundu hujaa kwenye kibadilisha gia cha nyuma, cheni hukwama, kibadilisha gia hujikunja na kuingia kwenye spoku. Hapo unapoteza kibadilisha gia, spoku tatu nne, na pengine sikio la fremu kinapofungwa. Gia moja haina kitu cha kukwama. Ina matatizo yake, na sehemu kubwa ya shajara hii ni hayo.

Wiki ya 1: fremu

Kifaa cha kwanza ni sumaku. Isiposhika, fremu ni ya aluminiamu, na kwa mpango huu haifai: aluminiamu haikatwi na kuchomelewa karakana ya mtaani ikarudi na nguvu zake, wala haipindwi baridi ikanyooka bila kupata ufa.

Jambo la pili ni midomo ya nyuma, yaani yale mabapa mawili yenye mianya inayoshika ekseli. Ya Phoenix imelala na kufunguka nyuma, kwa hiyo gurudumu linavutwa mpaka cheni ikaze. Ya baiskeli za gia nyingi za miaka ya 1990 mara nyingi imesimama: ekseli inaingia kutoka chini na kukaa mahali pamoja tu, kwa sababu kazi ya kukaza cheni ilikuwa ya springi ya kibadilisha gia. Ukikitoa, hakuna tena kinachokaza. Fremu yenye midomo ya kulala ilitafutwa kwenye mtumba bila mafanikio. Iliyopatikana ina ya kusimama.

Vipimo vyake: nafasi kati ya midomo ya nyuma milimita 135, ya mbele 100, kombe la kranki (bomba fupi la chini linalobeba ekseli ya kranki) upana 68 lenye hesi za Kiingereza, bomba la kiti unene wa nje 28.6. Kibandiko kinasema kromoli, yaani chuma kilichochanganywa na kromu na molibdeni, lakini soma vizuri: kinasema mabomba makuu. Maana yake mabomba ya nyuma ni chuma cha kawaida, kizito kidogo na kuta nene zaidi. Wapenda baiskeli huliona hilo kama kasoro. Kwa mradi huu ni faida, kwa sababu chuma cha kawaida kinastahimili moto wa fundi kuliko kromoli nyembamba.

Ukaguzi ulikwenda hivi. Chini ya bomba la chini, karibu na shingo, pitisha ukucha: rangi iliyojikunja kama ngozi ya kiwiko inaonyesha baiskeli iligonga kwa mbele. Halafu funga uzi kwenye mdomo wa kushoto, uzungushe shingoni, urudi mdomo wa kulia, uuvute ukaze. Pima kutoka uzi mpaka bomba la kiti pande zote mbili. Hapa ilitoka 31 na 31.5, tofauti ya nusu milimita. Zaidi ya milimita 2 ingerudishwa kwa muuzaji.

Wiki ya 2: kufungua

Kikombe cha kulia cha ekseli ya kranki kina hesi za kinyume. Kinafunguka kwa kuzungusha kufuata mwendo wa saa. Fundi asiyejua hilo huning'inia kwenye spana, anakaza badala ya kufungua, mwisho anavunja meno ya kikombe. Pedali ya kushoto nayo ni hivyo hivyo.

Nguzo ya kiti ilikuwa imegandia. Ilimwagiwa mchanganyiko wa mafuta ya taa na oili nusu kwa nusu kwa siku mbili, fremu ikiwa imepinduliwa ili mafuta yaingie kupitia kombe la kranki. Kisha kichwa cha nguzo kikabanwa kwenye jiriwa na fremu yenyewe ikazungushwa kama mpini. Usipige nyundo. Namba iliyogongwa kwenye nguzo ni 26.8, na ndiyo saizi ya kununua tena, 26.4 inaingia pia lakini inacheza na kupasua fremu pale juu inapobanwa.

Vilivyotolewa: vibadilisha gia viwili, mikono yake ya usukani, waya zote za gia, kaseti (rundo la sproketi, yale magurudumu ya meno, la nyuma), sproketi kubwa na ndogo za mbele. Ile kubwa ya meno 42 haikutupwa. Meno yake yalisagwa kwa grainda mpaka ikawa duara tupu, ikarudishwa mahali pake kama ngao ya cheni dhidi ya mawe. Kuna faida ya pembeni: bolti za kranki ya sproketi tatu ni ndefu, na ukiacha sproketi moja tu hazibani, inabidi ununue fupi au uongeze washa. Ngao inajaza nafasi hiyo.

Wiki ya 3: gia na mstari wa cheni

Sproketi ya kati ya mbele ina meno 32. Kwa nyuma yalifikiriwa 16, 17 na 18. Tairi ya 26 kwa 2.1 inatembea kama mita 2.07 kwa mzunguko mmoja. Kwa 32 na 16, pedali ikizunguka mara moja unakwenda mita 4.14, kwa 32 na 18 ni mita 3.68. Kwa mizunguko 80 ya pedali kwa dakika, ya pili inakupa karibu kilomita 18 kwa saa kwenye tambarare. Ni polepole, na atakayeendesha barabara ya lami kwenda Mombo ataona miguu inazunguka bure. Lakini kwa kupanda, kila jino la nyuma linalopungua linasikika gotini. Ikachaguliwa 18.

Sproketi iliyong'olewa kwenye kaseti haifai kwa kazi hii, ingawa inaingia. Ukiitazama kwa karibu utaona baadhi ya meno yamekatwa mafupi na mengine yamepindwa kidogo: yametengenezwa hivyo ili cheni iruke kwa urahisi kwenda sproketi ya jirani. Gia moja inataka kinyume chake, meno marefu yote sawasawa. Sproketi za baiskeli za BMX zinazoingia kwenye friwili ya kaseti, ile sehemu ya habu inayobeba sproketi, zinafaa. Tafuta yenye kitako kipana. Nyembamba hujichimbia kwenye mifereji ya friwili.

Nafasi iliyobaki kwenye friwili inajazwa bushi. Za bure zipo ndani ya kaseti kuukuu: kaseti ya gia 8 ina bushi za plastiki za milimita 3 kati ya sproketi. Ng'oa pini, zitoe. Kwa nafasi kubwa, kipande cha bomba la maji la PVC la milimita 40 kinaingia karibu sawasawa; kikate kwa msumeno, kisha kisugue juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo ili pande zote mbili ziwe sambamba. Kikiwa kimekatwa mshazari, nati ya kaseti inabana upande mmoja na sproketi inayumba.

Mstari wa cheni, yaani umbali wa cheni kutoka katikati ya baiskeli, haukadiriwi kwa jicho; wa mbele na wa nyuma ulingane. Mbele: nusu ya bomba la kiti, yaani 14.3, jumlisha umbali kutoka ubavu wa bomba hadi katikati ya meno. Ilitoka 47.5. Nyuma: nusu ya 135 ni 67.5, toa umbali kutoka uso wa ndani wa mdomo hadi katikati ya meno ya sproketi. Ili ipatikane 47.5, sproketi inapaswa kukaa milimita 20 kutoka mdomo. Bushi zilipangwa: nyingi ndani, chache nje, na pete ya milimita 1 kumalizia. Tofauti ya milimita 1 inavumilika. Ya 3 inasikika kama msumeno, na cheni huanguka ukigonga jiwe.

Wiki ya 4: jaribio la midomo ya kusimama

Kabla ya kukata fremu lilifanyiwa kazi jaribio la bei nafuu: kutafuta mchanganyiko wa meno ambao cheni inakaza yenyewe bila kusogeza gurudumu. Hesabu ni hii. Pima kutoka katikati ya ekseli ya kranki hadi katikati ya ekseli ya nyuma. Hapa ni 425. Zidisha kwa 2, gawanya kwa 12.7 ambayo ni hatua ya pingili moja: 66.93. Ongeza nusu ya jumla ya meno, 25: 91.93. Ongeza sehemu ndogo inayotokana na tofauti ya ukubwa wa sproketi, kama 0.15 kwa 32 na 18. Jumla 92.08.

Cheni hukatwa kwa pingili shufwa, kwa hiyo ni 92. Imepungua 0.08 ya pingili, yaani milimita 1 ya cheni, yaani nusu milimita ya ekseli. Kwa 32 na 17 hesabu inatoa 91.60, na cheni ya 92 inalegea milimita 5. Kwa hiyo 18 ilikuwa karibu mno kuiacha. Ekseli ilipigwa tupa upande wa mbele, nusu milimita tu pale inapokaa mdomoni, ikasogea mbele, cheni ikaingia ikiwa imekaza kama uzi wa zeze. Ekseli ya aina hii ina tundu katikati na ukuta wa milimita 2.5, nusu milimita haiidhuru. Midomo yenyewe isiguswe na tupa. Ekseli ni ya kubadilishwa, fremu siyo.

Ilidumu safari sita.

Sababu inaonekana ukifanya hesabu ya pembetatu. Cheni iliyokazwa kati ya sproketi ni kamba ya milimita 424. Ikirefuka milimita 3 tu, ukiiinua kwa kidole katikati inapanda sentimita 2.5. Ikirefuka milimita 1, inapanda karibu sentimita 1.5. Na milimita 3 katika pingili 92 ni asilimia 0.25, uchakavu ambao vumbi na matope huuleta mapema sana, wakati cheni bado ina maisha marefu mbele yake. Ukitaka mchezo sahihi wa cheni, wa milimita 10 hadi 12 juu na chini kwa jumla, ulegevu unaoruhusiwa ni karibu milimita 0.2. Hakuna hesabu ya meno inayoweza kushikilia hilo. Kila anayesifia njia hii ulizia baiskeli yake ina umri gani.

Njia ya kati ni kikaza cheni: kibadilisha gia kuukuu kilichofungwa skrubu zake ili gurudumu lake dogo likae mstari mmoja na sproketi. Kinafanya kazi, na kwa fremu ya aluminiamu ndicho cha kutumia. Lakini kinarudisha kule chini kile kitu cha kukusanya matope ambacho mradi ulianza kwa kukikataa.

Wiki ya 5 na 6: midomo mipya

Uamuzi: kukata midomo ya kusimama na kuweka ya kulala inayofunguka nyuma, kama ya Phoenix. Kilichofikiriwa kwanza ni ile inayofunguka mbele kwa mshazari, kama kwenye baiskeli za zamani za mashindano. Ina sababu yake: mwanya unaopanda kuelekea nyuma unaifanya ringi ibaki umbali ule ule kutoka breki hata gurudumu likisogea. Kwa mwanya uliolala kabisa, ekseli ikirudi nyuma milimita 10, ringi inashuka kama milimita 5 kutoka mpira wa breki, mpira unaanza kugusa tairi na kuikata ubavuni. Hilo si la kuchezea mlimani.

Lakini hesabu ya uchakavu ilituliza. Cheni inatupwa ikirefuka asilimia 0.75, ambayo kwa pingili 92 ni milimita 8.8, na ekseli inasogea nusu yake, 4.4. Mpira wa breki unapotea milimita 2 na kitu. Ukiufunga chini kidogo tangu mwanzo, unahitaji kurekebishwa mara moja tu katika maisha ya cheni. Na mwanya unaofunguka nyuma una jambo moja linalozidi mengine yote: unapokea vivuta cheni vya Phoenix, zile pete zenye skrubu zinazopatikana duka lolote la spea. Mwanya wa mbele unategemea nguvu ya nati peke yake, na cheni inavuta gurudumu kuelekea kwenye mlango.

Mabapa yalikatwa kwenye chuma laini cha milimita 6. Urefu wa mwanya 25, upana 10.2. Tundu la milimita 10 lilitobolewa kwanza mwisho wa mwanya, kisha mikato miwili sambamba ya msumeno, kisha tupa bapa. Mabapa yote mawili yalifungwa pamoja kwa bolti wakati wa kupiga tupa. Hili si la hiari: yakitengenezwa moja moja, mwanya mmoja utakuwa juu ya mwingine kwa nusu milimita na gurudumu litakaa kiupande.

Mwisho wa mwanya uliwekwa ili ekseli ikiwa mbele kabisa iwe 420 kutoka kranki. Cheni ya pingili 92 basi inahudumia 32 kwa 19 ikiwa ekseli ipo 421.5, kwa 18 ipo 424.5, kwa 17 ipo 427.5, kwa 16 ipo 430.6, na bado inabaki nafasi ya uchakavu. Atakayetaka 20 ataongeza pingili 2, ekseli itakaa 431.

Kabla ya kukata, nondo ya hesi ya M10 iliwekwa mahali pa ekseli na nati nne, mbili kila upande, kushikilia 135. Mabomba yalisafishwa rangi kwa sentimita 6 mpaka chuma king'ae. Yalikatwa upande mmoja kwanza, likawekwa bapa jipya, likashikizwa kwa nukta mbili. Ndipo ukakatwa upande wa pili. Ukikata pande zote kwa pamoja unapoteza kipimo cha kurejea. Kila bomba lilichanjwa mpasuo wa milimita 6 kwa upana na 15 kwa kina, ulimi wa bapa ukaingia humo.

Kuunga ni kwa gesi na fimbo ya shaba iliyochanganywa na zinki, si kwa umeme. Mafundi wengi watakuambia umeme unatosha, na kwa geti la dirisha unatosha. Kwenye bomba la ukuta wa milimita 1 na ushei, umeme hutoboa, fundi huziba tundu kwa kurundika chuma, na pembeni ya rundo chuma kinabaki kigumu na chepesi kupasuka. Ufa huanzia hapo hapo. Shaba hii inayeyuka karibu nyuzi 900, chini sana ya chuma, kwa hiyo bomba haliyeyuki. Inafyonzwa ndani ya mpasuo. Rangi ya moto ni wekundu wa machungwa uliofifia. Ukiona njano inayong'aa umepitiliza, zinki iliyomo kwenye shaba inaungua na kutoa moshi mweupe. Moshi huo unaleta homa. Fanyia kazi nje, na upepo uwe mgongoni.

Kosa lililotokea ni la tundu la hewa. Bomba la juu la kulia lilikuwa limezibwa pande zote. Shaba ilipokuwa ikitulia, hewa ya ndani iliyopata moto ilitafuta njia, ikatoka kupitia kwenye shaba yenyewe na kuacha vitundu kama vya chapati. Uungaji ule uliyeyushwa na kurudiwa baada ya kutoboa tundu la milimita 3 upande wa ndani wa bomba, mahali pasipoonekana. Mengine matatu yalitobolewa kabla.

Baada ya moto, usimwagie maji. Chuma kiachwe kipoe chenyewe mpaka kishikike kwa mkono. Boraksi iliyobaki, ule unga unaopakwa ili shaba ishike, inakuwa kioo kigumu kinachokataa msasa. Maji ya moto ya nusu saa kwa kitambaa kilichofungwa yanailainisha, kisha brashi ya waya. Ukipaka rangi juu ya boraksi, kutu itaanzia chini yake.

Kipimo cha uzi kilirudiwa: 31 kushoto, 33 kulia. Mdomo wa kulia umevutwa nje kwa kupoa. Ukapindwa baridi: fremu imelazwa, kipande cha mbao cha 2 kwa 4 kimewekwa kati ya bomba la nyuma na bomba la kiti, mkono unasukuma kidogo, unapima, unasukuma tena. Chuma kina tabia ya kurudi. Utasukuma milimita 10 ili kibaki 1. Ilimalizika 31 na 31.5. Jaribio la mwisho ni kuweka gurudumu lililonyooka, kutazama pengo lake na mabomba, kisha kuligeuza kushoto kuwa kulia na kutazama tena. Pengo likihama upande pamoja na gurudumu, tatizo ni la gurudumu. Likibaki palepale, ni la fremu.

Wiki ya 7: magurudumu na kuunganisha

Ekseli ya nyuma yenye tundu imeondolewa, ikawekwa nzima ya nati. Hapa pana mtego. Ekseli ya Phoenix ni ya hesi za inchi, 3/8 kwa hesi 26. Ya habu ya baiskeli hii ni M10 kwa hatua ya milimita 1. Kwa macho zinafanana, lakini koni ya moja si ya nyingine. Anayelazimisha anaharibu zote mbili. Urefu: 135, mabapa mawili ya 6, vivuta cheni, washa, nati na hesi mbili za kuonekana nje, isipungue 175.

Gololi za nyuma ni robo inchi, 9 kila upande. Za mbele 3/16, 10 kila upande. Zinabadilishwa zote kwa pamoja, kamwe moja moja. Koni ikazwe mpaka mchezo uishe, irudishwe nyuma kiasi cha nywele, ndipo nati ya kufungia ikazwe juu yake.

Ringi ilinyooshwa mpaka mchezo wa nusu milimita. Spoku za kulia nyuma ni za kukaza zaidi ya za kushoto kwa sababu ya nafasi ya kaseti, na kwa habu hii hilo halibadiliki hata sproketi ikiwa moja. Zigonge kwa kucha: za upande mmoja zitoe sauti moja. Inayotoa sauti nzito ndiyo itakayolegea.

Ndani ya tairi, juu ya tyubu, imelazwa tyubu kuukuu iliyochanwa kwa urefu na kutolewa valvu. Inaongeza uzito, lakini miiba ya migunga ya bondeni huko Mombo haisomi mizani. Upepo: kati ya 30 na 35 psi kwa tairi ya 2.1.

Cheni iliyowekwa ni ya gia 8, ya upana wa inchi 3/32. Ya Phoenix ya 1/8 inaingia pia, ni pana na ina kelele kidogo, na klipu yake ifungwe upande uliozibwa ukitangulia mwendo.

Kukaza cheni kunaanzia mbele. Sproketi za mbele karibu zote haziko katikati kamili, kwa hiyo cheni inakaza na kulegea ukizungusha pedali. Legeza bolti za sproketi kidogo, zungusha mpaka pale cheni inapokaza zaidi, gonga cheni taratibu katikati kwa mpini wa bisibisi. Sproketi inasogea nukta. Zungusha, tafuta tena, gonga tena. Mara nne tano inakuwa sawa, kisha bolti zinakazwa kwa kuvuka, si kwa kufuatana. Ndipo vivuta cheni vinageuzwa robo robo, kushoto na kulia, mpaka mchezo ubaki milimita 10 mahali pa kukaza zaidi. Cheni isiyo na mchezo kabisa haileti sifa yoyote. Inakula gololi za habu na beringi za kranki.

Wiki ya 9: njiani

Njia ya Magamba ilipandwa mara kadhaa, kavu na baada ya mvua. Gia ya 32 kwa 18 inapanda kwa kusimama kwenye pedali, na hapo usukani mwembamba uliokuja na fremu ulionekana haufai: ukisimama, mikono ndiyo inayozuia baiskeli isiyumbe. Umewekwa wa milimita 700.

Nati ya kulia ya nyuma ililegea siku ya kwanza. Rangi ilikuwa imeachwa kwenye uso wa bapa, ikapondeka chini ya washa, mkazo ukapungua. Rangi imekwanguliwa pale washa inapokaa, ikapakwa grisi nyembamba dhidi ya kutu, na washa yenye meno ikageuzwa ili meno yaume bapa. Haijarudia.

Bolti za kranki zilikazwa upya baada ya safari ya kwanza na ya tatu. Kranki ya pembe nne iliyoendeshwa ikiwa imelegea, tundu lake huwa la mviringo, na hakuna mkazo utakaoiponya tena.

Matope: pengo kati ya tairi na mabomba ya nyuma ni milimita 8 kila upande, na udongo wa mfinyanzi huliziba baada ya mwendo mfupi. Tairi ya nyuma imebadilishwa kuwa 1.95, pengo likawa 10. Cheni ilizunguka muda wote.

Kipimo cha mwisho: pingili 92 zimerefuka asilimia 0.25, ile ile iliyoangusha cheni wiki ya 4. Ekseli imesogezwa kutoka 424.5 hadi 426, vivuta cheni vimegeuzwa kidogo kila upande, mpira wa breki bado uko juu ya ringi. Sproketi ya 19 imenunuliwa kwa ajili ya masika.